Uyoga wa Kaloleni

Msomaji, kabla hujaendelea na ukurasa huu nakuomba ufanye jaribio dogo. Mwulize jirani yako darasani ni wimbo gani wa Kiswahili ambao mgeni wa Ulaya au wa Amerika huujua, hata kama hajui wimbo mwingine wowote wa lugha yetu. Atakutajia mara moja, na pengine ataanza kuuimba kabla hujamzuia. Kisha mwulize nani aliyeutunga. Hapo utamwona akitazama darini kama mtu atafutaye buibui. Nimelifanya jaribio hili katika madarasa mengi. Wanafunzi wengine hunijibu kwamba wimbo huo ni wa wahenga, hauna mtunzi. Wengine husema ni wa Wizara ya Utalii. Na mmoja, mtoto hodari katika hesabu, aliniambia bila kusitasita kwamba ulitoka katika filamu ya simba.

Wimbo wenyewe ni Jambo Bwana. Wahenga hawakuujua, na hakuna wizara iliyouandika. Ulitungwa na mtu mwenye jina, Teddy Kalanda Harrison. Ukapigwa na bendi yenye jina, Them Mushrooms. Ukatolewa katika santuri mwaka 1982. Habari za bendi hiyo ndizo nitakazokusimulia, nami naungama tangu mwanzo kwamba mimi si hakimu asiye na upande. Nalikuwa mpenzi wa Them Mushrooms kabla sijajua kusoma, na mizani ya mpenzi ina kawaida ya kuinama upande mmoja. Ukiona nimewasifu kupita kiasi, punguza mwenyewe.

Kaloleni ziko nyingi katika Kenya; hata Nairobi kuna mtaa wa jina hilo. Kaloleni ninayoisema mimi ni mji mdogo ulio juu ya vilima nyuma ya Mombasa, katika nchi ya Wagiriama, penye minazi mingi na barabara nyekundu. Huko ndiko asili ya ndugu watano: Teddy Kalanda, Billy Sarro, George Zirro, John Katana na Dennis Kalume, wote wakiitwa Harrison. Pamoja na mwenzao Pritt Nyale, ndugu hao waliiunda bendi, na tangu mwaka 1972 ikajulikana kwa jina la Them Mushrooms. Kwa lugha yetu jina hilo ni Uyoga, na miaka mingi baadaye bendi yenyewe ikajiita hivyo. Mimi nalipenda jina la Uyoga kuliko lile la Kiingereza. Kila mtoto wa Pwani ajua tabia ya uyoga: mvua hunyesha usiku, nawe ulilala hujaona kitu, asubuhi wakuta chini ya mti pamejaa, wala hakuna aliyepanda. Sisemi kwamba ndiyo maana waliyoikusudia. Nasema tu kwamba jina liliwafaa.

Kijana aliyeshika gitaa Mombasa katika miaka ile alikuwa amezungukwa na sauti za pande nne. Kutoka Kongo ilikuja rumba. Kutoka Jamaika ilikuja rege. Kutoka Amerika zilikuja nyimbo za watu weusi wa mijini. Na nyumbani kwake mwenyewe, kila penye arusi, palikuwa na chakacha ya akina mama wa Kiswahili, na huko vilimani mwanzele ya Wamijikenda. Them Mushrooms walianza hasa kwa rege. Baadaye wakarudi nyumbani kidogo kidogo, wakaitia chakacha ndani ya magitaa. Hawakuwa peke yao katika kazi hiyo, kwa maana bendi ya Mombasa Roots nayo iliichukua chakacha ikaipeleka katika ukumbi wa disko. Lakini tuyaache hayo kwanza, tuangalie mahali walipopatia riziki, kwa sababu pasipo mahali hapo wimbo wao usingalizaliwa.

Walipiga katika hoteli za watalii, kando ya bahari. Sasa sikiliza, maana wengi hawaelewi jambo hili. Bendi ya hoteli haifanani na bendi ya dansi ya mjini. Katika dansi ya mjini watu huja kwa sababu ya bendi. Hulipa mlangoni, na wasiporidhika hupiga mbinja au huondoka. Katika hoteli watu huja kwa sababu ya bahari. Bendi huko ni kama taa za rangi zilizofungwa mnazini: zikiwapo ni vizuri, zisipokuwapo hakuna aulizaye. Wageni wanapokula, mpigaji huombwa apige taratibu ili wapate kuzungumza; wakisha kula, huombwa apige kwa nguvu ili wapate kucheza. Na kila baada ya wiki moja au mbili ndege huwachukua wageni wale na kuwaleta wengine, Wajerumani leo, Waswisi kesho, Waingereza keshokutwa, nao hawajui neno la Kiswahili ila yale waliyofundishwa na mpokezi wa wageni alasiri ile ile.

Baba yangu alikuwa weta katika hoteli moja kaskazini ya Mombasa. Aliniambia kwamba mgeni wa siku ya kwanza alikuwa na maneno matatu tu: jambo, asante, na pole pole. Siku ya tatu aliongeza la nne, nalo ni baridi, kwa ajili ya kinywaji. Mgeni huyo alipolipata neno jipya alifurahi kama mtoto aliyeokota kombe ufukoni, akalirudia kwa kila mtu: kwa weta, kwa mfagiaji, kwa mlinzi, hata kwa paka wa jikoni. Wafanya kazi walicheka pembeni. Kalanda, aliyekuwa amesimama na gitaa lake mbele ya watu kama hao usiku baada ya usiku, hakuishia kucheka. Aliyachukua maneno yale yale, akayapanga, akampa mgeni wimbo mzima ambao aweza kuuimba usiku wa kwanza.

Utazame ulivyojengwa, nawe utaona akili iliyotumika. Mstari ni mfupi, kisha pana pumziko. Mstari mwingine, kisha pumziko tena. Katika lile pumziko mgeni hupata nafasi ya kurudia alichosikia kabla mstari wa pili haujamfikia. Huo ndio mtindo wa mwalimu wa watoto wadogo; tena ndio mtindo wa ngoma zetu zote, ambamo mmoja hutoa na wengi hupokea. Lugha yenyewe ilimsaidia mtunzi, kwa kuwa karibu kila silabi ya Kiswahili huishia kwa irabu, na ulimi wa mgeni haujikwai. Ndani ya wimbo mna salamu, mna kuulizana habari, mna makaribisho kwa mgeni, mna sifa ya nchi ya Kenya, na mna ahadi kwamba hakuna matata. Basi. Ni somo la kwanza la Kiswahili lililowekwa juu ya nyuzi za gitaa.

Wajuzi wengi wa lugha hawakufurahi, na wengine hawajafurahi hata leo. Hoja yao ni ya kweli, na wewe mwanafunzi wapasa kuijua. Sisi hatusalimiani kwa kusema jambo. Husema hujambo, yaani huna jambo lililokupata. Naye aulizwaye hujibu sijambo, yaani sina jambo. Kukanusha ndiyo roho ya salamu hiyo. Mtu anayesema jambo peke yake, ukilipima neno kwa maana yake, ni kama mtu abishaye hodi mlangoni na kusema, «Tukio!» Na hayo matata vilevile. Shina lake ndilo lililozaa utata, kutatiza na kutatanisha. Nyanya yangu alilitumia neno matata kwa mambo mawili tu: nyuzi zilizosokotana, na wajukuu wakorofi. Alipotaka kusema kwamba mambo ni salama alisema hakuna shida, au hakuna taabu. Huko Kongo neno matata ni la kila siku kwa maana ya shida, lakini kwetu Pwani hulisikii sana kinywani mwa mtu asiyezungumza na mgeni.

Hata hivyo mimi naamua upande wa mtunzi. Salamu ya jambo hakuibuni yeye. Wasafiri wa Kizungu waliiandika katika vitabu vyao tangu karne ya 19, kwa sababu ndiyo waliyojibiwa na watu waliowahurumia ulimi wao mzito. Mtu mzima azungumzapo na mtoto huinama. Haimaanishi kwamba hajui kusimama wima. Kalanda aliinama, na aliowainamia wakamwelewa. Lakini katika nyimbo nyingine za bendi hiyo, zile walizowatungia watu wa nyumbani, Kiswahili kimesimama wima kabisa. Anayewahukumu kwa wimbo mmoja ni kama anayemhukumu mwalimu kwa somo la darasa la kwanza.

Sasa twende kwenye mwaka wenyewe. Mwaka 1982 haukuwa mwaka mwepesi katika Kenya. Alfajiri ya tarehe 1 Agosti baadhi ya askari wa Jeshi la Anga walijaribu kuipindua serikali. Kwa saa chache Sauti ya Kenya, iliyokuwa redio ya taifa, ilikuwa mikononi mwao. Damu ilimwagika Nairobi, maduka yakavunjwa. Jaribio lilishindwa, lakini hofu haikwisha siku ile. Na katika mwaka huo huo, kutoka katika redio hiyo hiyo na katika kila duka la santuri, ilitoka sauti tamu ya vijana wa Kaloleni ikiwaambia wageni kwamba nchi ni nzuri na hakuna matata. Waweza kuona kejeli hapo. Wengine waliiona. Lakini nadhani msikilizaji wa kawaida hakuichukua kama taarifa ya habari. Aliichukua kama vile tunavyojibu sijambo hata tukiwa na homa. Tangu lini salamu ikawa hati ya daktari?

Santuri iliuzwa. Kati ya mwaka 1982 na mwaka 1987 zilinunuliwa nakala zaidi ya 200,000, nayo bendi ikapata tuzo ya platini. Ni idadi ambayo wanamuziki wengi wa Kenya hawakuiota. Kumbuka kwamba wakati huo mtu hakuupata wimbo kwa kugusa kioo cha simu. Alikwenda dukani na fedha mkononi, akanunua kisahani cheusi chenye wimbo mmoja kila upande, akakipeleka nyumbani amekikumbatia kifuani kama yai, akakiweka juu ya mashine izungukayo mara 45 kwa dakika. Kikiachwa juani kilijikunja. Mtu hununua kitu kama hicho akiwa amekitaka kweli.

Na hapa ndipo habari inapogeuka. Wimbo ulipokwisha kuingia katika kinywa cha kila mgeni, ulianza kumtoka mwenyewe. Bendi nyingine za hoteli ziliupiga, kwa sababu wageni waliuomba. Mpigaji wa hoteli hawezi kumwambia mgeni kwamba wimbo huo ni wa bendi ya hoteli ya jirani. Kila bendi iliongeza beti zake na kupunguza za mwenzake. Mombasa Roots waliurekodi. Bendi ya Safari Sound waliurekodi. Mwaka 1983 ukavuka bahari: kundi la Boney M, lililoundwa Ujerumani na mtengenezaji wa nyimbo Frank Farian, likatoa Jambo lao, lenye maneno ya Kiingereza yaliyochanganywa na yale ya Kiswahili. Matoleo mengine ya wimbo yaliandikwa jina la mtunzi mwingine kabisa. Mtalii aliyenunua santuri au kaseti aende nayo kwao Hamburg au Zurich hakuwa na njia ya kujua ni nani aliyewahi kuketi na gitaa akaufikiri.

Kundi hilo hilo la Boney M lilikuwa limekwisha kuimba Malaika mwaka 1981. Na Malaika nao wajua mkasa wake: Fadhili William aliurekodi Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960, Miriam Makeba akauimba dunia nzima, na ugomvi wa nani aliyeutunga haukwisha hata Fadhili alipofariki mwaka 2001. Hivi basi nyimbo mbili za Kiswahili zilizojulikana kuliko zote duniani ni nyimbo ambazo mwenyewe aliyezipeleka sokoni ilimbidi kila mara athibitishe kwamba ni zake. Ukiniuliza sababu, nitakujibu kwamba si wizi tu. Sababu nyingine ni namna tunavyouheshimu wimbo. Sisi wimbo ukitupendeza twausifu kwa kusema ni wetu sote. Ni sifa kubwa, lakini mtunzi hawezi kuipeleka dukani akanunulia unga.

Sheria ilikuwapo. Kenya ilikuwa na sheria ya haki za watunzi tangu mwaka 1966, na mwaka 1983, yaani mwaka mmoja baada ya Jambo Bwana, kikaanzishwa Chama cha Haki za Muziki cha Kenya, ambacho kazi yake ilikuwa kukusanya malipo kwa wanaotumia nyimbo na kuwagawia watunzi. Lakini katika miaka hiyo hiyo ilikuja kaseti, na kaseti ilikuwa na mbio kuliko sheria. Santuri yahitaji kiwanda; kaseti yahitaji meza, umeme, na mashine mbili zilizounganishwa kwa waya. Kijana akaaye karibu na stesheni ya mabasi aliweza kununua kaseti moja halali asubuhi, na kufikia jioni akawa na thelathini za kuuza kwa bei ya nusu. Mnunuzi alifurahi, muuzaji alifurahi, abiria katika basi walifurahi. Maduka ya santuri yalifungwa moja baada ya jingine, na katika miaka ya 1990 biashara ya santuri katika Kenya ikawa kama imekufa.

Them Mushrooms hawakukaa wakalia. Mwaka 1987 walihama kutoka Mombasa wakaenda Nairobi, na kwa maoni yangu hapo ndipo ilipoanza kazi yao bora. Najua nitabishiwa. Lakini asikilizaye Embe Dodo, wimbo wao mwingine uliopendwa sana, atasikia bendi isiyomwinamia mtu: chakacha imo, mzaha wa Pwani umo, na maneno yana ladha ambayo mgeni wa wiki mbili hawezi kuipata hata akifasiriwa. Walimpigia Malika, mwimbaji mashuhuri wa taarabu, wakaonyesha kwamba taarabu na gitaa la umeme si maadui. Na kitendo chao nikipendacho kuliko vyote ni kwamba walimtafuta mzee Fundi Konde.

Huenda hujalisikia jina hilo. Fundi Konde alizaliwa mwaka 1924, mtu wa Pwani kama wao, na katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia alikuwa katika kikosi cha kuwatumbuiza askari wa Afrika Mashariki waliopelekwa Asia. Aliporudi akawa mmoja wa wapigaji gitaa wa kwanza mashuhuri wa nchi hii, na nyimbo zake zikachezwa kila mahali katika miaka ya 1950. Kisha zamani zikambadilikia; nyimbo zikabaki, yeye akasahauliwa. Vijana wa Kaloleni walirekodi pamoja naye, na mzee akasikika tena kabla ya kufariki mwaka 2000. Fikiri vizuri: watu ambao wimbo wao wenyewe ulikuwa umetengwa na jina lao ndio waliokwenda kulirudisha jina la mwingine juu ya nyimbo zake.

Nami sasa nirudi kwetu, kwa maana nilikwisha kukuahidi habari za mpenzi wa bendi na si za mwandishi wa tarehe peke yake. Nyumbani kwetu Mtwapa kulikuwa na redio ya kaseti, na kaseti ya kwanza ninayoikumbuka maishani mwangu ni ile ya Jambo Bwana. Baba aliicheza Jumapili alipokuwa hana zamu. Mama akipika, sisi watoto tulisimama mstarini na kujifanya watalii. Dada yangu alivaa miwani ya jua iliyovunjika mguu mmoja, na mimi nikawa weta, nikibeba sufuria juu ya vidole kama baba alivyobeba sinia. Nalidhani wimbo ule ulitungwa kwa ajili ya hoteli ya baba, na kwamba wageni walikuja kwa sababu ya wimbo. Jambo la pili halikuwa mbali sana na ukweli.

Mwezi wa Agosti mwaka 1997 ghasia zilizuka Likoni, ng'ambo ya kusini ya kivuko cha Mombasa. Watu waliuawa, maelfu wakakimbia makwao. Habari zikafika Ulaya, ndege zikaja tupu, kisha hazikuja. Hoteli ziliwapunguza wafanya kazi, na nyingine zikafunga milango. Hoteli ya baba ilimwambia aende nyumbani akangoje kuitwa. Hakuitwa. Nalikuwa na umri wa miaka minane, na nakumbuka kwamba siku moja dada yangu aliitia kaseti ile katika redio, akidhani atamchangamsha baba. Baba hakufoka. Aliinuka, akabonyeza kitufe, akaitoa, akaiweka juu ya kabati. Ilikaa huko miaka miwili. Mimi siwezi kumlaumu Kalanda kwa hilo, wala baba hakumlaumu. Lakini tangu siku hiyo nalielewa kwa nini maneno mawili mepesi huweza kumwumiza mtu.

Maneno hayo mawili yaliendelea na safari yao bila sisi. Mwaka 1994 kampuni ya Disney ilitoa filamu ya The Lion King, ambayo ndani yake umo wimbo uitwao Hakuna Matata, uliotungwa na Elton John kwa maneno ya Tim Rice. Wimbo huo ni mwingine, haukuchukua muziki wa Kaloleni. Lakini usemi ni ule ule uliokwisha kuzoeleka masikioni mwa watalii tangu 1982. Mwaka huo wa 1994 kampuni iliomba usemi huo uandikwe Marekani kuwa alama yake ya biashara juu ya nguo, na mwaka 2003 ikakubaliwa. Mwishoni mwa mwaka 2018, filamu ilipokuwa karibu kutolewa upya, watu zaidi ya 100,000 walitia sahihi ombi la kuipinga alama hiyo. Wanasheria walieleza, na ni kweli, kwamba alama ya biashara haimzuii mtu kusema neno. Yamzuia mfanya biashara mwingine kuliuza juu ya fulana katika nchi ile. Maelezo hayo nayakubali. Ila nashangaa kwamba lugha yetu, ambayo wengi walidhani haina mwenyewe, ilipata mwenyewe mahali penye ofisi ya kuandikisha fulana.

Mwanafunzi wangu aliyesema kwamba wimbo wa Kalanda ulitoka katika filamu ya simba hakuwa mjinga. Alifuata njia aliyoikuta imefyekwa.

Teddy Kalanda Harrison alifariki mwezi wa Septemba mwaka 2024. Nalisikia habari hiyo redioni asubuhi nikijitayarisha kwenda shule, na Jumamosi iliyofuata nikaenda Mtwapa kumwambia baba. Sasa ni mzee, na kazi yake ni kulinda mihogo isiliwe na nyani. Nilipomwambia kwamba mtunzi wa Jambo Bwana amefariki, aliniuliza kama ni yule wa gitaa. Aliwaona wakipiga mara mbili, akasema, na mara ya pili alichelewesha sahani za meza moja nzima kwa sababu ya kuwasikiliza, akakatwa mshahara. Kisha akaniagiza niilete kaseti.

Nikaileta. Utepe wake umeshikana, hauchezi tena. Juu yake hapakuwa na picha ya bendi wala jina la kampuni wala jina la mtu. Palikuwa na karatasi nyeupe iliyobandikwa, na maandishi ya kalamu ya wino: JAMBO, na chini yake bei, shilingi 25.

«Hii uliinunua wapi, baba?»

«Stesheni ya mabasi. Palikuwa na kijana mmoja na mkokoteni wake, alikuwa mtu mwema sana. Hata alinipunguzia.»

Akaishika akaitazama kwa muda mrefu. Kisha akauliza, «Na katika hizo ishirini na tano, mwanangu, yeye Kalanda alipata ngapi?»

Nikamwambia kwamba hakupata hata senti moja.

Baba hakusema neno. Aliigeuza kaseti akautazama upande wa pili, ambako hapakuandikwa kitu. Kisha akaniomba kalamu.